Kisima cha Uani kwa Diwani

Diwani Mbwilo alikuwa anamwagilia maua yake, kama kila jioni, alipopigiwa simu kwamba kesho mkaguzi wa serikali angekuja kukagua kisima cha kijiji kilichochimbwa kwa fedha za wafadhili. Kisima hicho kilikuwa uani kwake, nyuma ya ukuta mrefu. Akamwita jirani yake, Bi Sikudhani.

"Dada, nimekwisha. Nitafungwa."

"Hufungwi, Mheshimiwa. Bomoa ukuta sasa hivi. Kesho naleta wanawake na ndoo, mkaguzi akute watu wanachota."

"Na akishaondoka?"

"Kwani mafundi wa ukuta wamehama?"

Ukuta ukabomolewa. Mkaguzi akakuta foleni ndefu, akafurahi. Mbele ya kijiji kizima akamshukuru Diwani kwa kuutoa ua wake kwa umma, akamtaka atie sahihi hati ya kuukabidhi. Diwani akatia, huku akipigiwa makofi. Ufunguo wa pampu akakabidhiwa Bi Sikudhani.

Gari la mkaguzi lilipotokomea, Diwani aliuliza, "Hivi nani alimpelekea huyu habari za kisima?"

"Mimi, Mheshimiwa," alisema Bi Sikudhani.

Asubuhi iliyofuata Diwani alitoka na ndoo. Akaambiwa apange foleni, akapanga.