Pelele, Kiboko na Maji ya Chururuni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na miji yao na mabomba yao, kulikuwa na mji mdogo mlimani ukiitwa Chururuni. Sogeeni karibu. Na wewe unayesinzia huko nyuma, fumbua macho, maana sirudii.

Chururuni haukuwa na soko kubwa wala barabara ya kuringia. Ulikuwa na maji. Ukifungua bomba, chururu, yanatoka safi na baridi, unakinga kiganja unakunywa papo hapo. Mgeni akichemsha maji, watoto walimcheka. Na wa kwanza kwa kujisifu alikuwa Bi Pelele, yule pimbi wa mawe asiye na mkia, mfupi wa kimo, mrefu wa ulimi.

"Nyumba yangu itieni kasoro," alizoea kusema, "mapishi yangu yasemeni, hata huu mkia nisiokuwa nao nichekeni. Lakini kwa maji yetu, fyateni ulimi."

Basi, binti yake Mwanaidi akapata mchumba, kijana wa akina Kwanga wa mji wa bondeni. Posa ingeletwa Ijumaa. Pelele akatuma salamu: "Njooni na matumbo yenu tu. Maji ya kwetu hayachemshwi."

Ijumaa haijafika, maji yakaanza kunuka.

Kitinda mimba wa Pelele akashikwa na tumbo. Nguru nguru, mbio chooni. Akirudi, mbio tena. Pelele roho ikamruka. Je, wakwe wakiyanywa yale? Posa itavunjika, na jina la Chururuni litachekwa bonde zima.

Akaenda kwa jirani yake, Bi Nungunungu.

"Jirani, maji yananuka."

"Maji ya Chururuni yanuke? Usitutie aibu, shoga."

Kumbe huko jikoni kwake sufuria ilikuwa inatokota, na dirisha limezibwa kwa khanga moshi usionekane. Pelele akazunguka mtaa mzima. Kila nyumba inachemsha kwa siri, na kila mwenye nyumba anajisifu kibarazani. Akaona uchungu hata akataka kulia.

Akapanda mlimani kwenye tangi. Mlinzi wake alikuwa Mzee Kiboko, mkubwa huyo, akilala njia inafungwa. Alimkuta anaota jua, mwili unachuruzika maji, na mfuniko wa tangi umeegemezwa pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuomba mkia?"

"Maji yananuka, mzee wangu. Mwanangu anaumwa."

Kiboko akacheka, kwe kwe kwe. "Mimi nimezaliwa majini, wewe umezaliwa jiweni. Nani amfundishe nani? Nenda zako kabla sijakukalia."

Pelele akashuka kichwa chini. Njiani akapishana na Punda, amebeba madumu, anahema.

"Unapeleka wapi, ndugu yangu?"

"Kwa Mzee Kiboko. Maji ya chemchemi haya. Hanywi mengine."

Pelele akasimama. Mlinzi wa tangi hanywi maji ya tangi? Alaa.

"Nigawie kidogo, mwanangu anaumwa."

Punda ana huruma. Akammiminia kibuyu kizima. Pelele akakificha kwenye kichaka, kisha akarudi juu, amelegeza sauti.

"Mzee wangu, nimekukosea adabu. Ijumaa naletewa posa, na baba wa watoto ameshatangulia mbele ya haki. Nani atakaa kiti cha mzee wa nyumba kama si wewe?"

Sifa zikamlevya Kiboko. "Nitakuja. Lakini kiti kiwe kipana."

Ijumaa ikafika. Kiboko akaingia, kanzu imembana, kiti kikalia kwi. Akina Kwanga wakakaa mkekani, majirani wakajaa mlangoni. Watu wakala wakashiba. Ndipo Pelele akaleta bilauri kubwa ya maji.

"Mila mnaijua," akasema. "Mgeni hanywi mpaka mzee wa nyumba aonje, kutoa uchawi. Karibu, mzee, uwaonjee wakwe maji ya Chururuni."

Kiboko akaitazama bilauri. "Sina kiu."

"Si kiu, mzee. Ni mila."

"Jino linaniuma."

"Hayatafunwi, mzee."

"Basi aonje mwingine."

Bi Kwanga, mama wa bwana harusi, akainuka. "Kwetu, mwenyeji akikataa kuonja, mgeni anavaa viatu." Akavaa kimoja. Nyuma ya pazia Mwanaidi akaanza kulia.

"Kunywa, mzee, unatuaibisha," majirani wakasema. Wakapiga makofi, pa pa pa. "Kunywa. Kunywa."

Jasho likamtoka Kiboko. Akasukuma bilauri.

"Nitakunywaje maji ninayoogea? Na si kuoga tu. Yote mnayojua kiboko huyafanya akiwa majini, mimi nayafanya humo humo tangini kila asubuhi tangu joto hili lianze."

Pelele akaichukua bilauri, akanywa, guda guda guda, mpaka tone la mwisho.

"Haya ni ya chemchemi, mzee. Yametoka kwenye dumu lako mwenyewe. Yale ya tangi nisingewapa wakwe zangu hata kwa fimbo."

Kiboko akatoka kinyumenyume, kanzu ikachanika mlangoni, cha, akashuka mtoni moja kwa moja.

Pelele akawageukia wageni. "Wakwe zangu, niliwatumia majivuno. Maji yetu yameharibika, na sisi wote tulikuwa tunachemsha kwa kujificha. Mkitaka kuondoka, mna haki."

Bi Nungunungu akatazama chini. Bi Kwanga akakaa, akavua kile kiatu.

"Bondeni maji yananuka tangu nizaliwe," akasema, "na sijamsikia hata mmoja akilisema hilo mbele ya mgeni. Mwanangu ataoa hapa hapa. Brashi ziko wapi?"

Wakapanda wote, wakwe na majirani, sketi na kanzu zimekunjwa. Wakamwaga maji yote, wakasugua tangi, kwaru kwaru, mpaka zege likang'aa, wakaliacha lijae upya. Jioni bomba likafunguliwa, chururu, na Bi Kwanga akakinga kiganja akanywa, akakinga tena. Bi Pelele akasimama pembeni, kifua mbele, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

Mwenye kujivunia chake hakifichi kinapochafuka. Hukisafisha mchana, watu wakiona.