Sauti Iliyofika Ainabkoi

Matone ya mvua yalikuwa yakigonga sufuria, ti, ti, ti, Nabwire alipoamka kabla ya mapambazuko kuwasha moto. Mjane huyu aliishi Eldoret, nyuma ya nyumba ya Bwana Noronha, fundi saa mwenye asili ya Goa, India. Kila upepo ulipouangusha waya wa redio ya fundi, Nabwire aliufunga tena kwenye mti wake bila kuitwa. Majirani walimcheka.

"Mama, siku hizi umekuwa karani wa upepo?"

Yeye alitabasamu tu.

Asubuhi hiyo Kimutai, mchuuzi wa maziwa, alileta habari mbaya. Mto ulikuwa umebeba daraja la barabara ya Ainabkoi, na maji yalificha pengo. Nabwire aliuacha moto. Binti yake Selpha alikuwa apande lori la asubuhi kutoka Ainabkoi, mtoto mgongoni. Simu nazo zilikuwa zimekatika.

Akakimbia kwa Noronha. "Bwana, redio yako inafika Ainabkoi? Sina hata cha kukupa."

"Kama si wewe, mama, waya huu ungekuwa matopeni. Sauti inafika. Paul wa duka la pale hunisikiliza kila asubuhi kwa redio yake ya kawaida, nikiongea na marafiki wa mbali. Ila hana mashine ya kunijibu."

Aliwasha redio, wakangoja taa za ndani yake ziwe nyekundu kama makaa. Kisha akampa kipaza sauti. "Sema mwenyewe. Sauti ya mama haitiliwi shaka."

"Paul, mwanangu, ni mama Selpha! Mzuie Selpha, daraja limeenda na maji!"

Alirudia mpaka akapwelewa na sauti. Redio ilitokota tu kama uji.

"Sasa?" aliuliza.

"Tumesema, mama. Tungoje."

Walingoja wakinywa chai.

Siku chache baadaye, maji yalipopungua, Selpha alivuka kwa miguu, akafika. "Mama, Paul alitoka dukani na povu la kunyolea usoni, akasimama mbele ya lori. 'Zima! Mama ya Selpha anapiga kelele ndani ya redio yangu!' Dereva akamcheka. Aliposikia mwenyewe, akazima."

Nabwire alimpeleka mjukuu kwa Noronha. Fundi alimpakata mpaka mtoto akasinzia kifuani pake.

"Jumapili mje tena," alisema mlangoni. "Tafadhali, mje."

Kweli, tenda wema nenda zako.