Pepo wa Boga na Tumbo la Fisi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Semeni kwa nguvu, leo nimekasirika. Paukwa!"

"Pakawa! Nani kakuudhi?"

"Fisi kaniudhi. Kaeni chini nimseme."

Palikuwa na Mama Kindi, mnyama mdogo mwenye mkia mkubwa, na mumewe Baba Kindi, na binti yao Tumsifu. Walisali kanisa moja na wanyama wote wa msituni. Mzee wa kanisa alikuwa Fisi. Ndiyo, Fisi! Msiniulize nani alimchagua.

Basi mwaka ule Korongo akarudi kutoka Ulaya, akikimbia baridi ya huko, akawahadithia watoto: "Kule kuna sikukuu inaitwa Halowini. Watoto hutoboa boga macho na mdomo, huvaa vinyago, hupita nyumba kwa nyumba wakiomba vitamu." Watoto wakasikia, watoto wakataka. Tumsifu akatoboa kiboga kichanga, akajivika kichwani, akapita kwa majirani: ko ko ko! Akapewa kashata na karanga za sukari. Akacheka mpaka akakaa chini.

Kabla hajaonja hata moja, Baba Kindi akamnyang'anya vyote, akamvua na kiboga.

"Hiki ni cha shetani!"

"Ni boga, Baba Tumsifu," alisema Mama Kindi. "Nimelipanda mwenyewe nyuma ya nyumba. Kila Jumapili nasali nawe benchi moja. Mtoto anacheza tu."

"Leo anacheza na boga, kesho atacheza na mizimu. Nampeleka kwa Mzee."

Akampeleka. Fisi akainama, akatega sikio kwenye tumbo la mtoto. Tumsifu hakuwa amekula tangu asubuhi. Tumbo likasema: guru!

"Mmesikia?" Fisi akapaza sauti. "Huyo ni pepo wa boga. Tumbo likinguruma, pepo yumo! Afungiwe kwenye kibanda cha maombi, asile kitu mpaka tumbo linyamaze. Na vitamu vyote vya sikukuu hiyo vije kwangu nivichome moto."

"Ni njaa tu, baba," alisema Tumsifu.

Baba yake akatazama pembeni.

Mtoto akafungiwa. Asipokula, tumbo likanguruma. Tumbo likinguruma, pepo yumo. Pepo akiwamo, mtoto asile. Asipokula, likanguruma zaidi: guru guru! Mnauona ujinga huo? Na watu wazima, wenye akili zao, wakasimama nje ya kibanda wakiimba mapambio! Mama Kindi akalia, akasihi, akatukana. Wapi! Fisi alikaa mlangoni akijipangusa mdomo.

Mama Kindi akamtazama vizuri. Kisha akatazama nyumbani kwa Fisi. Vitamu vimeingia rundo kwa rundo, lakini moshi hakuna. Akaacha kulia, akaenda jikoni.

Akachukua kunde kavu zisizopikwa, akazitwanga: twa twa twa! Akazichanganya na asali nyingi, akazishindilia ndani ya boga kubwa lenye macho na mdomo. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, akalisukuma mpaka kwa Fisi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umetubu?"

"Nimetubu, Mzee. Hili ndilo boga la mwisho, nililificha. Lina asali mpaka machoni. Lichome haraka, linanitia tamaa."

"Weka hapo, nenda zako."

Alipogeuka tu, akasikia nyuma yake: chwaku chwaku chwaku! Kisha gugu gugu gugu, maji ya mtungi mzima yanashuka.

Kanisani, Fisi akasimama mbele kuomba. Wanyama wakafumba macho.

"Ee Bwana..."

Guru!

"Ee Bwana, uwatazame hawa wenye dhambi..."

Guru guru guruuu! Kunde zilikuwa zimevimba, tumbo likamshinda mwenyewe kwa sauti.

Mama Kindi akaruka juu ya benchi. "Wapendwa, mmesikia? Tumbo likinguruma, pepo yumo! Si maneno yangu, ni ya Mzee."

"Ni chakula tu!" akapayuka Fisi. "Nimekula!"

"Umekula nini, Mzee, na ndevu zako zina mbegu za boga?"

Fisi akajipangusa ndevu haraka, mbegu zikadondoka. Akisema boga halina pepo, basi amemtesa mtoto wa watu bure na vitamu vya watu amekula. Akisema lina pepo, basi yeye amemmeza pepo huyo.

"Lina pepo," akasema kwa sauti ndogo.

Wanyama wakambeba juujuu, wakamtupa kibandani, pu! Tumsifu akatolewa. Fisi naye asile kitu mpaka tumbo linyamaze. Nasikia linanguruma mpaka leo, na sina huruma naye hata kidogo.

Mama Kindi akambeba mwanawe nyumbani, mwepesi kama ganda la karanga. Akampikia uji. Baba Kindi akasogea polepole, akaketi karibu na chungu. Mara tumbo lake likasema: guru.

"Ni njaa tu," akasema haraka.

Tumsifu akainua macho kutoka kwenye bakuli. "Hata mimi nilikuambia hivyo, baba."

Mama Kindi akafunika chungu.

Ngano yangu imekwisha, hasira yangu bado. Mnataka funzo? Haya, shikeni: watoto, msicheze na maboga, maboga ni hatari sana! Mkiyapata, yapelekeni kwa mzee mwenye tumbo kubwa, atayachoma. Na moshi msiuulizie.