Kitambaa cha Lugonzo

"Dhahabu haishiki pasipo pumzi." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo yule binti aliyeona haya kuimba, nanyi mwaniuliza yametoka wapi maneno hayo. Yalizaliwa mle ndani ya kanisa kuu letu la Kiorthodoksi, mwaka lilipokuwa likipambwa.

Mawe yake wazee waliyabeba vichwani kutoka mtoni, miaka kumi na mmoja. Kuba lilipokamilika, Mama Makrina Kageha, mchoraji wetu wa picha takatifu, akamchora Kristo humo juu, mkubwa hata ukucha wake mmoja washinda sahani. Mpaka leo ukiingia, shingo yainuka yenyewe.

Ikabaki ikoni moja, picha ya Mtakatifu Nikolao ubaoni, iwekewe duara la dhahabu kichwani. Mikono ya Mama Makrina ilikuwa imeanza kutetemeka kwa uzee, basi akampa kazi mwanafunzi wake, Lugonzo. Watu wakaguna, maana kabla ya ubatizo Lugonzo alikuwa mlevi wa chang'aa.

"Mdomo ule umsogelee mtakatifu?" akasema mzee Amugune mlangoni. "Si atamlewesha!"

Wakacheka. Lugonzo akajifunga kitambaa mdomoni. Akapaka mahali pa duara udongo mwekundu wa kushikia dhahabu, ukakauka. Akaulowesha kwa maji, akalaza karatasi ya dhahabu, nyembamba kuliko bawa la nondo. Ikajikunja, ikachanika. Ya pili vilevile. Ikabaki karatasi moja tu, na kesho yake ndiyo sikukuu ya mtakatifu huyo.

"Mama, mpe mwingine," akasema. "Dhahabu imenikataa."

"Nilikufundisha kulowesha udongo kwa kitu gani?"

"Kwa pumzi, Mama. Lakini yangu ni chafu. Nitamchafua mtakatifu."

Mama Makrina akacheka hata akakalia ngazi. "We Lugonzo! Na Adamu, alipokuwa udongo mtupu, Mungu alimtia nini puani?"

Lugonzo akagusa kitambaa chake mdomoni.

"Basi fungua hicho kitambaa, mwanangu."

Akafungua. Akapumua juu ya udongo, haaa, kama mtu apashaye vidole moto asubuhi ya baridi. Akalaza ile karatasi ya mwisho. Ikatulia papo hapo, kama iliyofika kwao. Akaisugua kwa jiwe laini mpaka ikameta.

Asubuhi ya sikukuu jua lilipita dirishani, duara likawaka, kanisa zima likasema "Ee!" Mzee Amugune akaja kuibusu ikoni, akasita.

"Lugonzo, mdomo wangu huu ndio uliokucheka. Niubusishe hapa kweli?"

Lugonzo akampisha. "Sogea tu, baba. Dhahabu haishiki pasipo pumzi."