Nina Jambo

Sogeeni. Nina kesi iliyowashinda watu wazima, nami nimechoka kuibeba peke yangu.

Katika wodi ya wagonjwa wa saratani walikuwapo watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mama Tegemea, mgonjwa wa kitanda cha dirishani, alikuwa na ulimi usiojua kunyamaza. Mzee Chande, mgawa uji, hakusahau bakuli: alijua la nani limerudi tupu na la nani limerudi lilivyokwenda. Sista Eliwaza, muuguzi, alikuwa na tochi ndogo na jicho lisilodanganyika.

Kati yao alilala Bi Zamda, mpishi wa pilau za harusi, mwanamke aliyelelewa kwa adabu mpaka ikamzidi. Dawa za saratani zilikuwa zimemchoma mdomo mzima. Hata mate aliyameza kwa machozi. Lakini kila asubuhi daktari akipita na kuuliza, "Hujambo, mama?" yeye alijibu kwa midomo iliyobanwa, "Sijambo, baba." Daktari akaandika kwenye faili: vidonda vya mdomo, sifuri, yaani hakuna. Siku tatu, sifuri tatu. Siku ya nne ilikuwa ya dozi nyingine, na dozi ikiingia juu ya vidonda vile, Bi Zamda alijua hatoki hai. Alijua, na bado aliona haya kumfunulia mwanamume mdomo unaonuka.

Siku hiyo daktari akauliza yale yale. Bi Zamda akajibu yale yale.

"Muongo!" Mama Tegemea akaketi ghafla, dripu ikining'inia mkononi. "Hajambo gani huyo? Tangu Jumatatu analia akimeza mate. Muulize tena, daktari, na safari hii umtazame!"

"Mama, mwenyewe kasema hajambo."

"Muulize tena!"

Daktari akauliza kwa kucheka kidogo, "Haya. Hujambo, mama?"

Hasira zikampanda Bi Zamda, na kwanza alijikasirikia mwenyewe. Miaka sitini na miwili: kafiwa, sijambo, kaumwa, sijambo.

"Nina jambo!" akasema, na damu ikamchuruzika mdomoni. "Nina jambo, daktari. Ukiandika sifuri tena, karatasi hiyo naichana."

Akaachama.

Sista Eliwaza akawasha tochi. Hakukunja pua. Akainua ulimi kwa kijiti, akamulika ndani ya mashavu, akashuka mpaka kooni.

"Vidonda vimejaa," akasema. "Lakini jicho peke yake halitoi namba. Kipimo cha vidonda kinauliza pia, anaweza kumeza nini?"

Bi Zamda alikuwa bado kaachama. Aliyejibu ni Mzee Chande, kasimama mlangoni na toroli lake.

"Jumatatu aliacha mkate, akanywa uji. Jana uji ulirudi, akanywa maji. Leo hata maji yamerudi. Kikombe hiki hapa."

"Basi ni nne," Sista akasema. "Na baada ya nne hakuna namba nyingine."

Daktari akaikata sifuri yake mwenyewe. Dozi ikaahirishwa. Bi Zamda akapewa dawa ya maumivu na chakula cha mshipani, na mdomo ukapona polepole.

Siku aliyopika tena pilau, aliwaita wote watatu nyumbani. Sasa, ukoko wa sufuria ya Bi Zamda hauvunjwi. Hupewa mtu mmoja tu, na ameshawanyima hata maharusi.

"Bila kelele zangu angezikwa na sifuri yake," akasema Mama Tegemea, mkono tayari umenyooshwa.

"Bila tochi, kelele zingebaki kelele," akasema Sista.

"Na bila vyombo vyangu msingejua ni mbili au nne," akasema Mzee Chande. "Lakini mimi nasema ale mwenyewe. Aliyeachama ni nani?"

Bi Zamda akaishika sahani kwa mikono miwili. Meno yake yalikuwa yanautamani ukoko ule kuliko walivyodhani. "Msiniletee adabu zenu," akasema. "Leo siwaambii mgawane. Nataka kuamua."

Mpaka leo kaishika. Je, sahani ingekuwa mkononi mwako, ungempa nani? Wala usiniambie wote wanastahili sawa. Hiyo ni sijambo nyingine.