Mkia wa Waya

Kichwa kikifika, usiachie mkia.

Asubuhi hii mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo fundi wa bati, nanyi mkanijia mbio: mkia wa nini, Bibi? Wa ng'ombe? Wa mjusi? Hapana, wajukuu zangu. Ni mkia wa waya, na waya wenyewe ulikuwa ndani ya mwili wa mtu aliye hai. Aliyenisimulia ni Yusta Mfugale, ambaye vidole vyake vilikuwamo katika jambo hili. Chanzo chake ni hiki.

Katika hospitali moja ya nyanda za juu, huko kwenye baridi, kulikuwa na chumba ambacho wagonjwa walikiita chumba cha picha zinazotembea. Humo daktari hapasui tumbo wala kifua. Hutoboa tundu dogo kwenye mshipa, akapitisha waya mwembamba kama uzi wa gitaa, huku akiutazama kwenye runinga ukisafiri ndani ya mtu. Ukishafika panapotakiwa, mrija huvishwa juu yake kama shanga juu ya uzi, ukateleza mpaka ndani. Kisha waya hutolewa, mrija hubaki.

Kumbe waya una kichwa na una mkia. Kichwa kimo ndani, mkia uko nje. Wakati mrija unavishwa, lazima vidole viwili viukamate ule mkia, na visilegee hata mtu akipiga chafya. Ukiteleza wote ukaingia, hakuna pa kuushikia tena, na kutoka mshipa wa shingo hadi moyoni si mwendo. Sharti hilo lilikuwa la tano kwenye karatasi ya taratibu iliyobandikwa ukutani: aliyeingiza waya ndiye aushike, mpaka utoke. Watu wa chumba kile waliisoma siku ilipobandikwa. Baada ya hapo ikawa kama rangi ya ukuta.

Daktari Kamugisha alikuwa na mikono myepesi na foleni ndefu. Yeye aliingiza waya mwenyewe, lakini mkia akamwachia muuguzi wake, Yusta, ili ausukume mrija kwa mikono miwili. "Mikono minne hupika haraka kuliko miwili," alizoea kusema. Wakafanya hivyo miaka, na hakuna lililotokea. Ndivyo makosa yanavyokuzwa, wajukuu zangu: kwa kutokutokea.

Jumanne moja akaletwa Mzee Ambilikile Mwakyoma. Figo zake zilikuwa zimekata tamaa. Miguu ilivimba ikang'aa, pumzi ilikuwa fupi kama ya mtu aliyepanda mlima, na damu yake ilihitaji kusafishwa kwa mashine siku hiyohiyo. Mashine isingeweza kumsaidia bila mrija wa shingoni. Daktari wa wodi alikuwa amesema wazi: akikosa mrija leo, kesho tusimhesabu.

Wakamlaza kwenye mito, wakamfunika uso kwa kitambaa cha kijani, wakaacha shingo wazi. Hakulazwa usingizi. Alipigwa ganzi tu pale shingoni, masikio yake yakabaki kazini.

"Daktari, wewe ni mtu wa wapi?" akauliza chini ya kitambaa.

"Bukoba, Mzee."

"Aa! Watu wa ndizi."

"Kwani nyie Wanyakyusa mnakula nini? Mawe?"

"Sisi tunakula ndizi. Ninyi mnazipa majina tu."

Chumba kizima kikacheka, na Yusta akacheka ndani ya aproni yake nzito ya risasi, ile inayokinga miale. Waya ukaingia. Kwenye runinga ukaonekana kama unywele mweusi, ukishuka taratibu kupita kwenye bega la moyo.

"Kichwa kimefika!" akasema Daktari Kamugisha. "Tazameni kilivyokaa."

Wote wakatazama. Mpiga picha, yule anayeendesha mashine ya miale, akatazama; Yusta akatazama. Kilikuwa kimekaa vizuri, na foleni nje ilikuwa ya watu watatu. Daktari akaanza kuuvisha mrija. Damu ikachuruzika kidogo pale kwenye tundu, na Yusta, macho yake bado kwenye runinga, akanyoosha mkono kuchukua shashi.

Ulikuwa mkono uleule ulioshika mkia.

Akaikandamiza shashi, damu ikakoma. Daktari akausukuma mrija mpaka mwisho wake, akanyoosha mgongo. "Safi. Toa waya."

Yusta akainama penye mdomo wa mrija, pale mkia unapopaswa kuchungulia. Hapakuwa na kitu. Akainua ukingo wa kitambaa. Hapakuwa na kitu. Jasho likamtoka mgongoni, na chumba kile kina baridi ya mashine mwaka mzima.

"Sista, waya."

"Siuoni, Daktari."

"Huuoni vipi?" Daktari akatazama sakafuni. "Si umeanguka? Utakuwa umeuchomoa na shashi, ukadondoka. Uko chini ya meza huko. Tuendelee, tutauokota baadaye."

Hapo, Yusta aliniambia, ndipo dunia iliposimama. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake na si yeye aliyeufungua. Angesema tu, ndiyo Daktari, umeanguka. Mrija ungeshonwa, Mzee angepelekwa wodini, na hakuna macho ya mtu yaliyoona vidole vyake vikifunguka. Hata yeye mwenyewe hakuviona. Alivikumbuka tu.

"Haukuanguka," akasema. "Niliuachia."

"Unasema?"

"Niliuachia, Daktari. Nilipochukua shashi. Uko ndani."

Mashine ya mapigo ikaendelea kulia, ti, ti, ti, halafu ikaruka mpigo mmoja.

"Miaka sita, Yusta!" Daktari akanguruma. "Miaka sita nakuachia mkia, leo ndiyo…" Hakumaliza. Macho yake yaligonga ile karatasi ukutani, na akabaki ameyaacha pale. Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine. "Sharti la tano linasema nani ashike?"

"Aliyeingiza."

"Aliyeingiza ni nani?"

"Ni wewe, Daktari."

"Haya. Basi tumeuachia sote wawili. Mpiga picha, washa."

Ukawaka. Waya ulikuwa mle, wote, kuanzia chini ya shingo, ukapita katikati ya moyo, ukaishia tumboni. Na kila moyo ulipojikunja, ulitikisika kama jani la nyasi penye upepo.

"Jamani," ikatoka sauti chini ya kitambaa. "Mbona mmenyamaza? Nimekufa?"

Watu wakatazamana. Ni Yusta aliyeinama penye sikio lake. "Shikamoo, Mzee. Mimi ni Yusta, muuguzi. Kile kiwaya cha kuongozea mrija kimeteleza kikaingia ndani. Kosa ni letu. Tunakitoa sasa hivi, lakini nakuomba usitikisike."

Mzee Ambilikile akavuta pumzi yake fupi. "Marahaba. Kwa hiyo mmenifunga redio." Akasubiri. Hakuna aliyecheka. "Ni vibaya hivyo?"

"Ni vibaya, Mzee."

"Basi toeni. Mimi sina safari."

Daktari aliuvuta kwanza mrija, akitumaini waya umekwama humo na utakuja nao. Ukaja mtupu. Yusta akaweka vidole vyake shingoni kwa Mzee na kukandamiza ili damu isitoke, na tangu hapo hakuwa na kazi nyingine ila kukandamiza na kutazama. Chini ya vidole alisikia mapigo, yakienda, yakiruka, yakienda.

Kabatini kulikuwa na kitanzi kimoja tu. Ni waya mwingine, ila ncha yake ina duara dogo la kunasia. Daktari akatoboa pajani, akakipandisha kupitia tumboni. Kwenye runinga duara likaikaribia ncha ya waya, likafunga, likashika hewa. Akarudia. Likapita kando. Mashine ya mapigo ikaruka mara tatu mfululizo, kisha ikapiga mbio.

"Mzee?" akaita Yusta.

"Niko. Kuna panya anakimbia kifuani."

"Daktari, mapigo."

"Nimesikia." Jasho lilimdondoka Daktari puani, na hakuna aliyekuwa na mkono mtupu wa kumfuta. Hakusukuma. Alingoja. Akaacha moyo wenyewe uutikise waya, na ncha ilipoyumba upande wake, akafunga.

Ikanasa.

Hakuna aliyeshangilia. Akauvuta polepole, kidole kwa kidole, ukashuka kutoka moyoni, na mapigo yakatulia kama maji ya ndoo uliyoiweka chini. Ukashuka tumboni, ukatokea pajani. Wakaulaza mezani kando ya waya mpya uliotolewa kwenye pakiti yake, wakalinganisha ncha kwa ncha. Urefu ulikuwa sawa. Hakikubaki kipande ndani.

Lakini Mzee alikuwa bado hana mrija, na pumzi yake ilizidi kuwa fupi. Daktari alikaa kwanza, akaandika katika kitabu cha matukio, jina lake likitangulia na la Yusta likifuata, kila kitu kama kilivyokuwa. Sista Mkuu akaitwa. Alikuwa mama mnene wa Njombe, asiyepandisha sauti.

"Yusta, vua aproni," akasema. "Nenda kapumzike. Nitamleta mwingine."

Yusta akaanza kufungua kamba. Fundo likamshinda.

"Anakwenda wapi?" akauliza Mzee.

"Anapumzika, baba."

"Mimi nimelala hapa, uso umefunikwa, siwaoni. Nina masikio tu. Daktari aliposema umeanguka chini, nilimsikia huyu binti akisema haukuanguka. Ningekuwa mimi ningesema umeanguka." Akapumzika kidogo kutafuta pumzi. "Huyo mwingine mtakayemleta, simjui angesemaje. Nipeni huyu."

Sista Mkuu akamtazama Daktari. Daktari akatikisa kichwa kukubali. "Lakini safari hii mkia naushika mwenyewe."

"Ushike," akasema Mzee. "Naye asitazame runinga. Awe anakutazama wewe vidole."

Wakaanza upya, upande wa pili wa shingo. Yusta akaigeuzia runinga mgongo. Waya ukaingia. Yeye hakuona unywele mweusi wala bega la moyo. Aliona vidole viwili vya mtu ndani ya glavu, na kipande cha waya kati yake.

"Kichwa kimefika," akasema Daktari, kwa sauti ndogo.

Mpiga picha akaanza kusema "Safi," akajizuia. Na kutoka chini ya kitambaa cha kijani ikaja ile sauti yenye pumzi fupi, polepole, kama mtu anayewaonya wanawe wakati wa kuvuka mto:

"Kichwa kikifika, wanangu, msiachie mkia."

"Mkia?" akauliza Yusta.

"Ninao," akajibu Daktari.

Mrija ukasogea. "Mkia?" "Ninao." Ukasogea tena. "Mkia?" "Ninao." Mpaka mkia ukachungulia kwenye mdomo wa mrija, akaukamata, akauvuta wote, akauweka kwenye trei mbele ya macho ya Yusta. Yusta akaugusa kwa kidole, kana kwamba macho hayatoshi.

"Umetoka, Mzee," akasema, na machozi yakamwishia ndani ya barakoa.

"Ndaga fijo," akashukuru Mzee kwa lugha yao. "Sasa nipelekeni kwenye hiyo mashine, kabla huyu Mhaya wa Bukoba hajaniuliza habari za ndizi."

Jioni ile damu yake ilisafishwa. Na kwa kuwa alirudi kwenye mashine mara tatu kila wiki, na kila aliyelala kitanda cha jirani alisimuliwa, maneno yake yalitoka hospitalini kabla hajatoka yeye. Yakafika sokoni, yakafika shambani kwa watu ambao hawajauona waya ule na hawatauona. Wakayasema kwa seremala anayeshuka ngazini kabla ya kupigilia msumari wa mwisho, na kwa dereva anayelegeza usukani kwa sababu ameona paa la nyumba yake.

Ndiyo maana mama yenu hakumkaripia fundi. Alimwambia maneno manne tu, naye akapanda tena juu ya bati:

Kichwa kikifika, usiachie mkia.