Miti Mia Isiyozaa

Kidole kimoja hakivunji chawa. Maana ya methali hii haihitaji mwalimu: chawa hubanwa kati ya kucha mbili, na anayejitegemea peke yake hufika mahali akakwama. Ila wengi wetu huielewa kwa kuhesabu tu, tukadhani penye wengi msaada haukosekani. Hivyo ndivyo alivyoielewa mtafiti mmoja wa mimea, mwanamke msomi ambaye majirani walimwita Mama Miche, hadi miti yake mwenyewe ilipomtia kizunguzungu.

Palikuwa na misitu miwili midogo, mabaki ya msitu mkubwa uliokatwa katikati kupisha shamba. Kwa miaka mingi Mama Miche alikuwa akiichunguza, akaona mimea ikipungua aina baada ya aina, kwa kuwa kila upande ulikuwa umefungiwa kama kuku tengani. Akamwomba meneja wa shamba ukanda wa ardhi wa kuiunganisha. Meneja alikubali kwa sharti ambalo Mama Miche mwenyewe, kwa kujiamini, ndiye aliyelipendekeza: miti ya ukanda isipozaa matunda katika msimu wake wa kwanza wa maua, ardhi irudi kulimwa. Msitu usiozaa, alisema, ni bustani tu.

Basi akachagua mti bora kuliko yote, ulionyooka na wenye majani ya kung'aa. Wafanyakazi waliuita Bi Harusi. Akakata vipandikizi vyake, akavilea kitaluni, akavipanda ukanda mzima. Vikashika vyote. Miaka ikapita, miti ikasimama kama askari wa gwaride, na msimu ulipowadia ikachanua yote kwa pamoja. Mama Miche alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

Lakini maua yalinyauka na kudondoka, mengine yakachanua, nayo yakadondoka. Tunda halikuonekana hata la dawa.

Akapima udongo, akaukuta mzuri. Akawatazama nyuki, wakawa tele, wakizunguka humo humo ukandani. Akachukua brashi laini, akahamisha chavua kutoka mti hadi mti kwa mkono wake mwenyewe. Wapi! Usingizi ukamruka, na hamu ya chakula ikamwishia.

"Hiyo chai umeitia chumvi," mumewe, fundi cherehani, alimwambia huku akipiga pasi suruali ya mteja. "Na umeinywa nusu."

"Sielewi, baba watoto. Ungekuwa mti mmoja, ningesema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hii ni mia na ushei. Vidole vyote hivyo vinashindwa na nini?"

"Labda vimechoka," mumewe akasema, akitafuta kicheko. Hakukipata.

Siku iliyofuata meneja alifika ukandani. "Mama, msimu unayoyoma, na trekta langu halijui huruma. Halafu kuna ule mti wa aina hii hii, uliopinda kule msitu wa ng'ambo, mnaouita Kibyongo. Umeuegemea uzio wangu. Nimlete fundi wa msumeno?"

Akili ya Mama Miche haikuwepo. "Mlete," akajibu. "Una tundu, umepinda, hauna faida."

Asubuhi ya kukatwa kwa mti huo, akipita ukandani bila matumaini, aliona vitunda vya kijani kwenye tawi moja la mti mmoja. Je, alifurahi? Hata kidogo. Alizidi kuchanganyikiwa. Mti ni ule ule, udongo ni ule ule, nyuki ni wale wale. Kwa nini tawi hili? Akaketi chini, akajaribu kukumbuka siku aliyolipaka chavua. Siku hiyo alikuwa ametoka ng'ambo kuchukua chavua ya Kibyongo ili aipime. Mvua ilikuwa ikitishia, naye akalipaka tawi hili haraka haraka kwa brashi ile ile, bila kuiosha.

Hapo ndipo alipong'amua. Kipandikizi si mtoto wa mti. Ni mti wenyewe uliosimama mahali pengine. Na miti ya aina ile haishiki mimba kwa chavua yake yenyewe; hutaka ya mti mwingine wa aina hiyo. Hakuwa amepanda miti mia. Alikuwa amempanda Bi Harusi mmoja mara mia. Aibu ilimjaa, maana hayo alikuwa akiwafundisha wanafunzi kila mwaka.

Msumeno ukanguruma ng'ambo. Mama Miche akatimua mbio, miiba ikimchana gauni.

"Zima, fundi! Zima!"

Tawi kubwa lilikwisha kuanguka, na shina lilikuwa na jeraha bichi. Fundi alizima, akamtazama asimwelewe. "Si wewe uliyesema hauna faida?"

"Nilisema. Nilikuwa sijui ninachosema."

Maua ya lile tawi lililoanguka yakabebwa ukandani kwa vikapu. Mumewe alifunga duka akaja na brashi. Hata fundi wa msumeno alipewa yake, akaishika kana kwamba itamvunjikia mkononi. Wakapaka maua ya mwisho ya msimu hadi shingo zikawauma.

Meneja alirudi na trekta msimu ulipokwisha. Akavuta tawi la kwanza, akavuta la pili, kila mahali vitunda. Akajikuna kichwa.

"Miti ni ile ile. Kimeongezeka nini?"

"Kibyongo."

"Yaani mia imeshindwa, umeongezeka mmoja, ikaweza? Mama, hapo umeniacha."

"Haikuwa mia, meneja. Ulikuwa mmoja. Sasa ndiyo miwili."

Meneja, bado uso umemkunjamana, akamwashiria dereva ageuze trekta, akaenda kuusogeza uzio umpishe Kibyongo. Hakika, kidole kimoja, hata ukikipanda ukanda mzima, hakivunji chawa.